Soko la reli la Mae Klong: nenda kwa ajili ya samaki, treni itakukuta hapo hapo

Anayefika Bangkok kuchukua nguo za Pratunam au Bobae, akabakiwa na siku moja kabla ya ndege, huambiwa aende "soko la treni". Ushauri ni mzuri, ila sababu inayotolewa ni haba. Huambiwa akaone treni ikipita katikati ya mboga huku wachuuzi wakikunja maturubai. Kweli hupita, na kweli hukunja, lakini jambo lote huisha ndani ya dakika tatu. Wengi hurudi garini hapo hapo bila kuonja wala kununua kitu.

Soko hilo, Talat Rom Hup, ni soko la jikoni la watu wa pwani, katika mji wa Mae Klong, mkoa wa Samut Songkhram, mkoa mdogo kuliko yote Thailand kwa eneo. Talat ni soko, rom ni mwavuli, hup ni kukunja. Mtu aliyezoea Feri ya Dar, Malindi ya Unguja au Marikiti ya Mombasa atalielewa haraka kuliko mtalii aliyeshushwa na basi, kwa sababu karibu kila kilichopangwa chini pale ana jina lake nyumbani: kibua, uduvi, ngisi mkavu, nazi, shokishoki, balungi, matufaa. Kwa soko lenyewe tunalipa alama za juu kabisa. Kwa saa tano asubuhi, treni ya watalii inapoingia na njia nzima imejaa simu zilizonyooshwa juu, alama zinashuka sana. Saa utakayofika ndiyo itakayoamua umeona soko au umeona umati.

Saa, na kwa nini ni muhimu hivyo

Treni huingia Mae Klong mara nne kwa siku: saa 2:30 asubuhi, saa 5:10 asubuhi, saa 8:30 mchana na saa 11:40 jioni. Hutoka saa 12:20 asubuhi, saa 3:00 asubuhi, saa 5:30 asubuhi na saa 9:30 alasiri. Hizo ni saa za Kiswahili. Ubao wa stesheni utaonyesha 08:30, 11:10 na kuendelea, kwa hiyo toa sita kichwani kama kawaida. (Jioni utashangaa: Mthai wa kawaida akisema song thum, yaani thum ya pili, anamaanisha saa mbili usiku ile ile yetu. Hesabu yao ya usiku huanza magharibi kama ya Waswahili, na ukikubaliana na mwenye boti saa ya kurudi hamtapotezana.)

Ratiba hubadilika kwa dakika chache, na kuchelewa kwa robo saa si ajabu. Mara chache reli hufungwa kabisa. Mwaka 2015 ilifungwa kwa karibu mwaka mzima ili mataruma na reli zibadilishwe. Uliza hotelini siku moja kabla, hasa masika yao, kati ya Mei na Oktoba.

Panga hivi: uwe sokoni saa 1:30 asubuhi, tembea na nunua wakati wenyeji nao wananunua, simama pembeni treni ya saa 2:30 iingie, kunywa kahawa, itazame ikitoka saa 3:00, kisha endelea na soko lililotulia hadi saa 4:30. Baada ya hapo mabasi ya ziara kutoka Bangkok yanamwaga watu kwa ajili ya treni ya 5:10, na njia yenye upana wa behewa moja hujaa kiasi kwamba mwanamke wa Mae Klong aliyekuja kununua mchaichai hawezi kupita. Jumamosi na Jumapili ni mbaya zaidi. Ya 8:30 mchana ina nafasi, lakini samaki wa asubuhi wamekwisha na jua ni kali. Ya jioni hukuta wengi wanafunga.

Kufika: nenda kwa gari, rudi kwa reli

Reli hii ilijengwa ili kuleta samaki Bangkok. Kampuni ya kwanza ilianzishwa 1901 kwa kipande cha Bangkok hadi Mahachai, ya pili 1905 kwa kipande cha kwenda Mae Klong, na mwaka 1907 zikaunganishwa. Mto Tha Chin uliopo katikati haukujengewa daraja la reli, ndiyo maana mpaka leo ni reli mbili zenye mto kati yake, kila moja kilomita thelathini na kitu, na hakuna inayoungana na stesheni kuu za Bangkok.

Kwa treni mwanzo hadi mwisho, unaanzia stesheni ya Wongwian Yai, upande wa Thonburi. Tiketi hununuliwa dirishani siku hiyo hiyo, hakuna kuweka nafasi, nauli baht 10. Kama saa moja baadaye unashuka Mahachai, na reli yenyewe inaishia sokoni. Toka kuelekea mtoni, panda kivuko pamoja na pikipiki na wanafunzi kwa baht chache, vuka, kisha tembea kama robo saa au chukua bodaboda hadi stesheni ndogo ya Ban Laem. Sema "sathani rotfai Ban Laem" na kila mtu atakunyooshea kidole. Ban Laem hutoka treni saa 1:30 asubuhi, saa 4:10 asubuhi, saa 7:30 mchana na saa 10:40 jioni, baht 10 nyingine, saa moja kati ya mashamba ya chumvi, mabwawa ya kamba na mikoko.

Hapo ndipo watu hukwama. Ili kuwahi ya saa 1:30 lazima uondoke Wongwian Yai na treni ya kwanza ya saa 11:30 alfajiri. Ili kuwahi ya saa 4:10, iliyo rahisi ni ya saa 2:35 asubuhi, inayokupa kama dakika 40 za kuvuka mto. Anayechukua inayofuata hukuta Ban Laem tupu na kusubiri saa tatu mahali penye duka moja la vinywaji. Isitoshe, anayefika kwa reli huwa ndani ya behewa wakati maturubai yanakunjwa. Huona mikono na vitambaa vikipita dirishani, haoni soko likifunguka na kufunga.

Kwa hiyo kwenda, panda hiace. Wao huziita rot tu. Zinatoka kituo cha mabasi ya kusini, Sai Tai Mai, kuanzia alfajiri, chini ya baht 100, kama saa moja na nusu hadi mjini Mae Klong, na soko ni mwendo mfupi wa miguu. Hakuna nafasi ya sanduku. Begi kubwa huweza kulipiwa kiti. Kurudi, chukua treni ya saa 5:30 asubuhi au ya saa 9:30 alasiri, ambayo ndiyo ya mwisho ya siku. Ukiwa ndani na soko umekwisha kulijua, kupita tena katikati yake polepole ni starehe kubwa kwa baht 10. Fika dirishani dakika 20 kabla, maana wanaopanda kupiga picha ni wengi na viti ni vya anayewahi.

Treni inapokuja

Kuna tangazo la kipaza sauti, kisha honi ya mbali. Hakuna anayekimbia. Maturubai yamefungwa kwenye nguzo zinazoegemea nyuma. Mchuuzi huvuta kamba au kusukuma nguzo na kivuli chote hulala ukutani. Meza za samaki zina magurudumu juu ya vipande vya chuma, husukumwa nyuma hatua moja. Ila mboga na matunda yaliyo chini kabisa hayaguswi: sakafu ya behewa hupita juu yake, na masinia ya pilipili hubaki pale pale chini ya treni. Wachuuzi wanajua kwa sentimita kila bidhaa inaweza kukaa wapi. Wewe hujui, kwa hiyo usihamishe wala kusogeza kitu kwa nia ya kusaidia.

Mahali pa kusimama ni kwenye mwanya kati ya meza mbili, mgongo ukiwa umegusa ukuta au kibanda, begi likiwa kifuani. Mgongoni litatokeza nusu futi usiyoiona. Vidole vya miguu viangalie. Fimbo ya kupigia picha na kiguu cha kamera acha hotelini. Mchuuzi akikushika mkono na kukuvuta, nyamaza na umfuate. Ameona treni hii mara elfu. Ukitaka kukaa, vibanda vya kahawa kando ya reli vinauza kinywaji kati ya baht 50 na 100 pamoja na kiti, na bei hiyo ni halali kwa mwenye mtoto au mzee. Mtoto mdogo asisimame njiani hata kama umemshika.

Treni ikishapita, maturubai hurudi kabla ya behewa la mwisho kufika mbali. Watu warefu wachunge vichwa, vyuma vya nguzo viko chini ya kimo cha mtu.

Na kuna jambo moja la adabu ambalo wageni hawaambiwi. Saa 2:00 asubuhi na saa 12:00 jioni wimbo wa taifa hupigwa kwenye vipaza sauti vya stesheni na sehemu za umma. Kila mtu husimama, mwenye mizani mkononi husimama nayo. Simama nawe mpaka uishe.

Samaki ambao mji unajivunia

Vikapu vidogo vya mianzi vya duara, kila kimoja na samaki wawili au watatu waliokunja vichwa kama wamelala, ndivyo alama ya Mae Klong. Ni pla thu, ndugu wa karibu sana wa kibua wetu, ila mfupi na mpana zaidi wa tumbo. Watu wa hapo wana msemo juu yake: na ngo, kho hak, uso umeinama, shingo imevunjika. Si pambo. Kikapu ni kidogo kuliko samaki, na shingo huvunjwa kwa mkono ili aingie.

Huitwa pla thu nueng, yaani wa mvuke, lakini kwa hakika hajapikwa kwa mvuke. Matumbo hutolewa kupitia mashavu bila kupasua tumbo, samaki hulowekwa maji ya chumvi, hupangwa vikapuni, kisha vikapu hushushwa kwenye sufuria kubwa la maji ya chumvi yanayochemka kwa dakika chache na kutolewa. Kwa hiyo ni samaki aliyeiva nusu ya safari: huliwa hivyo hivyo mara chache, kwa kawaida hukaangwa mpaka ngozi iwe ya dhahabu.

Bei huenda kwa ukubwa, kati ya baht 50 na 100 kwa kikapu. Mnono zaidi hupatikana mwishoni mwa mwaka, Novemba na Desemba, na Desemba mji hufanya tamasha lake. Tazama mambo matatu. Umbo kwanza: pla thu wa kweli wa maji ya matope ya ghuba ni mfupi na bapa. Aliye mrefu na wa mviringo ni pla lang, ambaye ndiye kibua tunayemjua sisi kutoka Bahari ya Hindi. Si mbaya, ila hapaswi kuuzwa kwa bei ya mwenzake. Pili ngozi: iwe nzima, inang'aa rangi ya fedha na manjano kidogo mgongoni, tumbo halijapasuka. Tatu bonyeza kidogo kikapu, si samaki, na unuse. Harufu ni ya chumvi na bahari. Ikiwa na uchachu, pita.

Hapa kuna onyo zito. Samaki wa jamii ya kibua na jodari akikaa kwenye joto hutengeneza histamini, na sumu hiyo haiondoki kwa kukaangwa upya. Uso kuwa mwekundu, ngozi kuwasha, kichwa kuuma na kuharisha ndani ya saa moja baada ya kula ni dalili zake. Basi kikapu ulichonunua saa 2:00 asubuhi usikibebe siku nzima kwenye mfuko ukazunguka nacho Amphawa, mji jirani wenye soko la mfereji, kwenye joto la nyuzi 34. Kama huna jiko wala barafu, kula pale pale mjini: agiza nam phrik pla thu, samaki aliyekaangwa, kachumbari ya kutwanga ya uduvi na pilipili, na mboga za kuchemsha pamoja na zile nyanya chungu za mviringo zinazofanana kabisa na ngogwe. Ni chakula cha nyumbani kwao, na wali mweupe ukiongezwa kinashibisha watu wawili.

Uduvi huo ndio kapi. Hutiwa chumvi, huanikwa, hutwangwa na kuachwa uive. Kapi ya kata ya Khlong Khon, katika mkoa huo huo, ina sifa Thailand nzima. Nzuri ni ya rangi ya zambarau inayoelekea kahawia, laini, na ukiisugua kati ya vidole haina mchanga. Nyeusi sana na ngumu imekaa mno. Nyekundu ya kung'aa imetiwa rangi.

Ngisi mkavu na kamba wakavu wapo wa kila daraja. Kamba wazuri ni wakubwa, rangi ya chungwa iliyofifia, wamekauka mpaka wanalia mkononi. Wenye unyevu umeuziwa maji.

Sukari ya mgema

Mashamba ya minazi ya Amphawa yana kazi ambayo kila mtu wa Mtwapa au Tanga ataitambua kwa mbali: mgema yuko juu mnazini, anakata ncha ya kole lililofungwa, ananing'iniza chombo, asubuhi na jioni. Tofauti ni moja. Kwetu tembo huachwa lichachuke. Kule chomboni hutiwa vipande vya mti wa phayom kuzuia uchachu, na maji matamu huingia moja kwa moja kwenye karai kubwa juu ya moto. Huchemka mpaka kuwa mazito, huepuliwa, hupigwa kwa nguvu yapoe na kuwa meupe, kisha humiminwa kwenye vikombe. Matokeo ni vidonge laini vya sukari yenye harufu ya karameli na chumvi kidogo.

Vingi vinavyouzwa vimechanganywa na sukari ya miwa kwa sababu ya bei. Kutambua si kazi. Halisi ni laini, kidole huacha alama, rangi si sawa kila mahali, na kwenye joto hulegea na kuanza kutoa maji. Iliyochanganywa ni ngumu, nyeupe, kila kidonge sawa na mwenzake, na haisumbuki na jua. Anayeuza halisi huiweka kivulini. Muulize "nam tan maphrao thae mai?", ni sukari ya nazi halisi? Akikupa uonje kabla hujamaliza sentensi, nunua kwake.

Karibu na hapo huuzwa pia mbuzi za kukunia nazi, za kukalia kama zetu. Sisi tunaziita mbuzi. Wao huziita kratai, sungura.

Mizani, bei na fedha

Kosa la kwanza la mgeni ni kipimo. Bidhaa kavu hupangiwa bei kwa khit, na khit moja ni gramu 100. Kibao cha 80 juu ya ngisi si kilo moja kwa baht 80. Kilo ni 800. Mchuuzi hadanganyi, ndivyo kila mtu anavyonunua. Uliza "khit la thao rai?", khit moja ni kiasi gani, au "kilo la thao rai?" kisha elekeza kidole kwenye mizani.

Vitu vibichi havina mjadala wa bei, na kuanza kuvutana kwa fungu la mchaichai la baht 10 ni kumvunjia mtu heshima. Kwenye nguo, mapambo na vitu vya kavu vingi kwa pamoja unaweza kusema "lot dai mai?", utapunguza?, na tabasamu, mara moja. Akipunguza kidogo au akiongeza kitu juu, mambo yamekwisha. Vibanda vilivyo karibu kabisa na stesheni, vyenye fulana na sumaku za friji, ni vya watalii na bei zake zinajua hivyo. Kadiri unavyoingia ndani, na hasa kwenye jengo la soko lililo kando ya reli ambako hakuna treni, bei na wanunuzi huwa vya wenyeji.

Beba noti za 20, 50 na 100. Noti ya 1,000 asubuhi mapema humtia mchuuzi taabu ya chenji. Ivunje dukani kwanza. Wathai hulipa kwa kuchanganua msimbo kwa simu, lakini hilo linahitaji akaunti inayotambulika na mfumo wao. Mashine za benki hutoza kadi za kigeni zaidi ya baht 200 kila mara utoapo, hivyo toa mara moja.

Kwa Mwislamu, na kwa asiyekula pilipili

Soko la samaki lisikudanganye. Mchuzi wa tambi zenye vidonge vya samaki mara nyingi umechemshwa kwa mifupa ya nguruwe, na mafuta ya kukaangia barabarani huenda ni ya mnyama huyo huyo. Swali "mai sai mu?", haina nguruwe?, linajibu kilicho sahanini tu, halijibu mafuta wala sufuria. Tafuta maneno "ahan itsalam" au alama ya halali ya Baraza Kuu la Kiislamu la Thailand, yenye neno hilo kwa Kiarabu. Mjini Mae Klong sehemu hizo ni chache, na hilo ni upungufu wa kweli wa safari hii. Usilolitilia shaka ni matunda, nazi ya kunywa, na wali wa kunata kwa embe na tui, ambao hapa hutengenezwa kwa nazi iliyokunwa asubuhi ile. "Mai phet", isiwe kali, husaidia, ingawa kipimo cha ukali wa pwani hii ni chao wenyewe.

Masoko ya maji ya jirani

Amphawa iko kama kilomita 6 kutoka sokoni. Pikapu yenye mabenchi mawili yanayotazamana, mfano wa chai maharage za Dar za zamani, hukufikisha kwa baht 10 hivi. Bonyeza kengele kushuka, lipa baada ya kushuka. Soko lake la mfereji ni Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, kuanzia alasiri hadi usiku. Atakayekwenda Jumanne atakuta nyumba za mbao nzuri na milango imefungwa. Chakula hupikwa ndani ya mitumbwi iliyofungwa gatini, wewe unakaa kwenye ngazi za saruji: kamba wa kuchoma, ngisi, kombe. Uliza bei ya sahani kabla haijaingia motoni, maana kamba huuzwa kwa ukubwa. Usiku kuna boti za kutazama vimulimuli kwenye miti ya lamphu, jamaa ya mlilana wetu wa mikokoni. Nenda usiku usio na mbalamwezi, la sivyo huoni kitu. Kumbuka treni ya mwisho ilikwishaondoka saa 9:30 alasiri. Uliza hiace ya mwisho mara tu unaposhuka, si baada ya kula.

Tha Kha ndilo tunalolipenda kuliko yote ya maji. Dogo, la asubuhi, wauzaji ni wakulima wenyewe na makasia yao. Hufanyika Jumamosi na Jumapili, na pia siku ya 2, 7 na 12 za mwezi unaokua na za mwezi unaopungua, kalenda ambayo mvuvi wetu anayehesabu bamvua hatahitaji kuelezwa. Saa 5 asubuhi limekwisha.

Damnoen Saduak, kwenye mfereji wa kilomita 32 uliochimbwa kati ya 1866 na 1868, ndilo linalouzwa na kila ziara. Mfereji unastahili heshima. Soko la leo ni msongamano wa boti zinazouza vinyago. Ukienda, fika kabla ya saa 2:30 asubuhi, na usikubali dereva akushushe kwenye gati ya njiani ambako boti ya saa moja hutajwa kwa maelfu ya baht. Shuka sokoni lenyewe, na bei ya boti ikubaliwe kwa boti nzima, si kwa kichwa, kabla ya kukanyaga ndani.

Kufunga mzigo

Kapi ifungwe mara tatu: kwenye kopo lake lenye kifuniko cha skrubu, kisha mfuko wa kubana mdomo, kisha katikati ya nguo kwenye sanduku la chini. Mkononi haipiti, ni uji machoni pa wakaguzi wa uwanja wa ndege. Sukari halisi ya nazi iweke kwenye chombo kigumu, maana italegea njiani na vidonge vitakuwa donge moja, ladha haibadiliki. Doriani usinunue kabisa kama unarudi hotelini, nyingi zina kibao cha kuikataza mlangoni.

Wachuuzi hutia kila kitu kwenye mfuko wa plastiki, na mfuko huo ndani ya mwingine. Kenya ilipiga marufuku mifuko hiyo 2017 na Tanzania 2019, na Rwanda tangu zamani, kwa hiyo ukiifunga kwenye sanduku utaulizwa ukifika. Sema "mai ao thung", sitaki mfuko, na nenda na kikapu chako. Usipokuwa nacho, vya mianzi vya ukubwa wote huuzwa pale pale sokoni, na kile kidogo cha pla thu, kikioshwa kwa ndimu na kuanikwa juani siku mbili, hutoka harufu yote.